Bodi za taa za dagaa: pima, osha, ndipo upake

Mbalamwezi ikitoka, wavuvi wa dagaa wanapumzika, na mimi ndipo kazi inanijaa. Kibanda changu kiko Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na siku hizo meza haionekani kwa taa za LED zilizogoma kuwaka. Zamani nilikuwa natengeneza tu. Sasa bodi za kuendeshea taa hizo naziunga mwenyewe, 40 kwa mkupuo. Zinazonirudia ni chache zilizoungua. Nyingi zimeliwa na unyevu. Nakueleza ninavyozipima na kuzikinga.

Anza na macho, bodi ikiwa haina moto. Shika lenzi ya kukuza mara 10 na ulaze mwanga wa tochi kutoka ubavuni. Lehemu iliyoshika imetambaa juu ya mguu wa kifaa na juu ya shaba, ukingo wake mwembamba. Iliyokataa imejikunja kama tone la maji juu ya jani la magimbi. Usidanganywe na mng'aro: lehemu isiyo na risasi hupoa ikiwa imefifia hata kama imeshika vizuri. Kisha angalia pande. Kwenye kapasita za mkebe, ule mstari ni upande wa hasi. Niliwahi kugeuza moja ikapasuka mbele ya mteja, na harufu ilikaa kwenye kitenge changu wiki nzima.

Halafu mita. Iweke kwenye omu, gusa chanya na hasi pale betri inapoingilia. Namba ikipanda polepole, ni kapasita zinajaa, hapo hakuna neno. Ikiganda kwenye omu 1 au 2, kuna shoti, na betri usiilete karibu.

Bodi iliyopita hapo bado siipi betri moja kwa moja. Nachukua balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21, naipitisha kwenye waya wa chanya. Kukiwa na shoti, balbu inawaka yote na umeme hauvuki ampea 2, kwa hiyo njia za shaba zinabaki salama. Bodi isiyo na kosa, taa zake zikiwa hazijaungwa, inaiacha balbu gizani, au inaimulikisha kidogo mara moja tu. Shoti imejificha wapi? Dondoshea bodi spiriti kidogo, balbu ikiwa bado njiani na moto wa jikoni ukiwa mbali, uone inapokaukia kwanza. Mwenye kosa ndiye mwenye joto.

Geuza pia vibanio vya betri makusudi, maana ziwani usiku watu wanavigeuza. Bodi zangu zina daiodi ya mfululizo pale mwanzoni, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo balbu haitakiwi kuwaka kabisa. Zikipita, nazilaza zikiwaka na taa zake zote hadi asubuhi, kama zitakavyofanya kazi majini.

Sasa kuosha, na hapa niliwahi kulipia ujinga wangu. Mkupuo wangu wa kwanza niliupaka vanishi ya kukinga unyevu bila kuosha, kwa sababu bodi zilionekana safi. Giza la mwezi moja tu likapita, mzee mmoja wa Ukerewe akaniletea saba kwenye ndoo. "Dada fundi, taa zako zinashikwa na homa. Jioni ziko sawa, alfajiri zinatetemeka." Nilipokwangua vanishi nikakuta ute wa dawa ya kulehemu umevuta maji chini yake, na shaba imeota ukijani katikati ya miguu ya mosfeti, zile swichi za elektroniki. Nilichofanya ni kuufungia ugonjwa ndani.

Kwa hiyo: alikoholi ya aisopropili, ile ya asilimia 99, na mswaki laini. Sugua, suuza kwa nyingine safi, usiiache ikaukie pale pale na uchafu wake. Kisha zikae mahali pa joto hadi zikauke kabisa hata chini ya vifaa. Zifunike na chandarua. Siku wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi, utawakuta wamenata kila mahali.

Ziba soketi na swichi kwa utepe, andika namba ya mkupuo, ndipo upake vanishi ya akriliki, mara mbili nyembamba. Kiwango cha IPC, chama cha viwanda vya elektroniki, ni milimita 0.03 hadi 0.13 ikishakauka, mimi nakisia isizidi karatasi ya daftari. Nunua yenye rangi inayong'aa kwenye mwanga wa urujuanimno, halafu uimulike kwa tochi ile ya kukagulia noti. Sehemu yenye giza haikupata. Kingo za miguu ya vifaa ndizo hukosa mara nyingi.

Kwenye kuziba boksi, silikoni ikinuka siki iache, hata kama ni ya bei nzuri. Ile harufu ni asidi na inakula shaba. Waya uingilie chini, ukiwa umening'inia kidogo kabla ya kupanda, maji yadondokee hapo. Taa ya moto ikiangukia maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kunyonya maji kupitia tundu lolote, hata kufuata nyuzi ndani ya ganda la waya. Ndiyo maana nyuzi zenyewe nazijaza lehemu sentimita 1 kabla hazijaingia.