SOMO: Laptopu gani, na Windows au Linux? Usiguse diski kabla ya kusoma hatua ya 6

Kila wiki napokea ujumbe ule ule: "Fundi, nichukue laptopu gani?" Nimejibu nikiwa kazini, nikiwa kwenye matatu ya Kondele, hata nikiwa matangani. Leo naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Nina meza ya ukarabati hapa Kisumu. Mashine nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za ex-UK, zile zilizotumika maofisini huko Uingereza zikaletwa huku. Huu ni mtazamo wa mtu anayezifungua kila siku.

Hatua ya 1. Andika kazi zako kwenye karatasi.

Usiandike "kazi za ofisi". Andika majina ya programu. Tunabishana kuhusu mifumo ya kuendesha kompyuta, Windows au Linux, kama mashabiki wa mpira wa Gor na AFC, na mara nyingi ubishi wote unaamuliwa na programu moja tu ambayo huwezi kuikosa. Ukichora kwa AutoCAD au kuhariri kwa Photoshop, Linux si yako, kwa sababu programu hizo hazijatengenezewa Linux. Ukijaza mafaili ya Excel yenye makro nzito (amri zinazojiendesha ndani ya faili), baki na Windows. Lakini kama siku yako nzima ni eCitizen, barua pepe, YouTube, WhatsApp ya kwenye kivinjari na kuandika barua, mfumo wowote utakutosha, na pesa zako ziende kwenye mashine.

Hatua ya 2. Soma namba ya prosesa (ubongo wa kompyuta), yote.

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Mtu ananiambia "ni i5", jina la prosesa za Intel, kana kwamba amemaliza. i5 zimeuzwa tangu zamani sana, na ya kwanza na ya leo hazifanani hata kidogo. Tazama namba inayofuata. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8350U ni kizazi cha 8. i5-10210U ni kizazi cha 10. Kwa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha prosesa chache sana. Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi kuna masasisho ya usalama ya ziada hadi Oktoba 2026, ila lazima ujiandikishe.

Kwa hiyo mashine mbili zinazofanana kama mapacha mezani, HP EliteBook 840 G3 na 840 G5, zina maisha tofauti. G3 ni kizazi cha 6. G5 nyingi ni kizazi cha 8, lakini ziko za kizazi cha 7 pia, kwa hiyo jina la mgongoni halitoshi. Wala usiamini kile kibandiko cha buluu karibu na kibodi. Nimewahi kubandua kimoja kwa ukucha nikakuta alama ya gundi ya kibandiko kingine chini yake. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, usome mwenyewe.

Hatua ya 3. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Ukikuta bado ina diski ya kuzunguka, ibadilishe kabla hujalalamika kwamba ni nzito.

Hatua ya 4. Ikague kabla pesa haijatoka mfukoni.

Izime, iwashe ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad. Ikikuomba nenosiri la BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) ambalo muuzaji hana, irudishe mezani, hata akipunguza bei nusu. Andika herufi zote za kibodi moja moja. Fungua na ufunge skrini mara kadhaa ukisikiliza bawaba. Kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilitoka na 50,000 na leo inajaa 21,000, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei yako. Huku kwetu stima hupotea bila kubisha hodi, betri si pambo.

Hatua ya 5. Sasa chagua mfumo.

Kizazi cha 8 kwenda juu: Windows 11 ikiwa karatasi yako ya hatua ya 1 inaidai, vinginevyo chagua unachopenda. Kizazi cha 4 hadi cha 7: mimi naweka Linux Mint, aina moja ya Linux. Mint 22 inapata masasisho hadi 2029, na mashine ya kizazi cha 6 yenye SSD huamka nayo kabla chai haijapoa. Nasema hivi kwa sababu naumia nikiona mashine nzima, imara, ikiuzwa kama chuma chakavu kwa sababu tu Windows imeikataa. Mzazi wa Nyalenda hana sababu ya kutupa kompyuta ya mwanawe.

Mac: kuanzia zenye chipu ya M1, zilizotoka mwishoni mwa 2020. Zaidi ya hapo soma maswali chini.

Hatua ya 6. KABLA YA KUGUSA DISKI, tafuta ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga mafaili ya diski.

Hatua hii naiandika kwa uchungu. Mwaka 2023 mwalimu mmoja kutoka upande wa Vihiga aliniletea laptopu nimwekee Mint kando ya Windows. Nikaingia BIOS, nikazima Secure Boot (ulinzi unaokagua mfumo mashine inapowaka) kwa mazoea tu, ingawa Mint huwaka vizuri hata Secure Boot ikiwa imewashwa. Niliporudi Windows, skrini ikawa ya buluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Hapo ningerudisha Secure Boot kama ilivyokuwa, huenda ingefunguka. Badala yake nikaona neno Clear TPM kwenye BIOS, nikadhani ndiyo dawa, nikabonyeza. TPM ni chipu inayotunza ufunguo wa diski, nami nikaufuta kwa mkono wangu. Nakala ya ufunguo huwa kwenye akaunti ya Microsoft, lakini akaunti hiyo haikuwa ya mwalimu. Aliyemuuzia alifungua mashine kwa akaunti yake mwenyewe, na simu yake haikupatikana tena. Ndani ya diski ile mlikuwa na alama za Gredi ya 7 za mihula miwili. Tulikaa naye Jumamosi mbili, yeye akinisomea alama kutoka karatasi za mitihani alizokuwa bado nazo, mimi nikiandika. Zilizokuwa hazina karatasi zilipotea kabisa.

Basi fanya hivi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ukiona ulinzi umewashwa, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili tarakimu zote 48 kwenye karatasi. Usiseme "mimi sijawahi kuweka BitLocker". Kwenye mashine nyingi hujiwasha yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft.

Usibonyeze Clear TPM.

Usiache mashine ikiwa na akaunti ya aliyekuuzia.

Na nakala ya mafaili yako iwe mahali pengine kabla hujaanza, hata kama una ufunguo.

Hatua ya 7. Jaribu kwa flashi (namna ya kuiandaa iko kwenye maswali chini). Mint huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kaa nayo saa nzima: Wi-Fi, sauti, kamera, mwangaza wa skrini, kufunika na kufunua. Kisichofanya kazi hapo huenda kikakusumbua baadaye pia.

Hatua ya 8. Weka mfumo. Skrini itakuongoza.

MASWALI

Jirani wa Kibuye: Laptopu nzuri ni pesa ngapi siku hizi?

Fundi: Nzuri kwa kazi gani? Hatua ya 1.

Kijana wa Kondele: Niko na Core i5, itabeba Windows 11?

Fundi: i5 ya namba gani? Hatua ya 2 nimeiandika kwa ajili yako.

Kijana wa Kondele: Si uniambie tu omera, hiyo post ni refu.

Fundi: Ni refu kwa sababu nimeona watu wakipoteza pesa. Soma aya mbili, uniletee namba, nitakujibu.

Mwalimu wa Luanda: Shikamoo fundi. Nimesoma yote. Mimi nina kizazi cha 7, nikaangalia nikakuta TPM 2.0 iko. Mbona Windows 11 bado inanikataa? Na nimeona watu wakitumia Rufus, ile programu ya kuandaa flashi, kupita hapo, ni salama?

Fundi: Marahaba mwalimu, swali zuri sana. TPM ni sharti moja tu. Microsoft ina orodha ya prosesa inazozikubali, na kizazi cha 7 karibu chote hakimo, hata kama chipu ya TPM ipo na ni sahihi. Kwa hiyo mashine yako haina ubovu wowote, haimo kwenye orodha tu. Rufus inaweza kuruka ukaguzi huo, na Windows 11 itawaka. Shida iko mbele: Microsoft inasema mashine za namna hiyo hazina haki ya kupata masasisho, na yale makubwa ya kila mwaka mara nyingi utalazimika kuyaweka kwa mkono. Kwa mtu anayependa kushughulika na kompyuta, sawa. Kwa mashine inayobeba alama za wanafunzi, mimi singeweka. Jaribu Mint kwa flashi wikendi hii ukiwa na mafaili yako halisi, hasa ya Excel. LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, inafungua mengi, lakini makro zinaweza kukwama, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kufomati. Ukikwama niandikie jina la faili na kilichotokea.

Mtu wa Njoro: Linux ni ya mahaka, wadukuzi. Mtu wa kawaida apewe Windows, wacheni kuchanganya watu.

Fundi: Nina mteja mama wa miaka zaidi ya 60 anayeuza samaki, anapiga hesabu zake kwenye Mint tangu mwaka juzi. Ameniita mara moja, na ilikuwa chaja. Windows nimeipendekeza mwenyewe hapo juu kwa wanaoihitaji. Onyesha sentensi niliyokosea tuizungumzie.

Mwanafunzi Maseno: Kaka, kuna MacBook Air ya 2017 mjini, safi kabisa, inang'aa. Nichukue?

Fundi: Hapana. Hiyo inafikia macOS Monterey tu, na Monterey haipati tena masasisho ya usalama. RAM yake imechomelewa ubaoni, huwezi kuongeza. Ukitaka Mac, tafuta M1 na kuendelea, na usilipe kabla muuzaji hajatoka kwenye iCloud (akaunti ya Apple) yake mbele ya macho yako. Mac iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine ni trei ya kubebea chai. Unasomea nini?

Mwanafunzi Maseno: Mipango miji, kuna QGIS ya ramani na AutoCAD.

Fundi: QGIS iko kote, Windows, Mac na Linux. AutoCAD ndiyo inayokuamulia. Tafuta ThinkPad T480 au Latitude 7490 yenye Windows 11, RAM uipandishe hadi GB 16. T480 nyingi zina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma, hiyo itakufaa stima ikipotea katikati ya mradi. Ukitaka kuchora majengo ya 3D mfululizo, hapo tuongee kuhusu kadi ya picha.

Saiba ya Kakamega: Nina mashine sita za kizazi cha 4 karibu na chuo kikuu cha MMUST. Wanafunzi wanachapisha tu na kuingia mitandaoni. Nihamie Mint zote? Hofu yangu ni printa.

Fundi: Kazi yako inafaa Mint kabisa. Printa za HP nyingi zinatambuliwa kwa HPLIP, programu ya printa ambayo huja na Mint. Za kampuni nyingine hutegemea modeli, hivyo hamisha mashine moja iliyo karibu na printa, itumie wiki mbili, kisha uendelee. Usihamishe sita kwa usiku mmoja.

Saiba ya Kakamega: Na bando? Kupakua mara sita nitafilisika.

Fundi: Unapakua mara moja tu. Faili ni karibu GB 3. Weka Ventoy (programu inayoifanya flashi iwashe mashine) kwenye flashi ya GB 16, tupia faili la Mint humo, na la Windows ukitaka, flashi moja inafanya yote. Kagua sha256 ya faili, namba inayoonyesha kwamba limefika zima, kabla ya kulitumia. Faili lililokatika katikati kwa sababu ya mtandao huleta makosa ya ajabu ambayo utayalaumu kwa mashine.

Mama Biashara: Nimefurahi mmetaja bando. Windows yangu inanimalizia data nikilala.

Fundi: Mama, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao wa simu yako, uwashe Metered connection. Masasisho mengi yatasubiri ruhusa yako. Ila usiyazuie milele, mara moja kwa mwezi mpe mtoto ayapakue mahali penye Wi-Fi.

Saiba ya Kakamega: Nami niongeze: tafuteni UPS, betri ya akiba ya stima, hata ndogo. Stima ikirudi kwa kishindo hapa mjini niliunguza pawa saplai mbili siku moja.

Fundi: Kweli kabisa. Na ukiwa huna UPS, stima ikipotea chomoa kwenye ukuta, usubiri itulie dakika chache baada ya kurudi.

Kijana wa Kondele: i5-7200U. Nimesoma sasa.

Fundi: Asante. Kizazi cha 7, haimo. Mint, au ubaki na Windows 10 ukijiandikisha hadi Oktoba 2026 huku ukiweka akiba. Una mafaili muhimu humo?

Kijana wa Kondele: Picha za matanga ya nyanya yangu ziko humo. Nimefanya ile ya manage-bde. Inasema ulinzi umewashwa, na sijawahi kuiwasha. Na akaunti iliyoko si yangu.

Fundi: Usiguse kitu kingine chochote leo. Nakili tarakimu 48 kwenye karatasi, uzisome tena moja moja dhidi ya skrini. Picha zinakili kwenye flashi, uifungue flashi hiyo kwenye mashine nyingine uone zinafunguka. Ukimaliza hayo niandikie, tutaondoa hiyo akaunti pamoja.