Kuona seli za kitunguu kwa macho yako

Somo la seli nalianza na kitunguu maji, si mchoro ubaoni. Kikate vipande vinne, banyua tabaka moja, kisha kwa kibanio chuna ule utando mwembamba wa upande wa ndani. Utandaze kwenye tone la maji juu ya kioo. Utando ukijikunja, utaona giza tu. Dondoshea iodini, dawa ya kutia rangi, tone moja. Kioo cha kufunikia kishushe kwa mshazari, taratibu, maana viputo vya hewa vimewadanganya wanafunzi wangu wengi: duara lenye ukingo mweusi si seli.

Kwa hadubini, anza kwa kukuza mara 40, kisha 100, halafu 400. Vile vyumba virefu vilivyopangana kama matofali ndizo seli. Mistari ni ukuta wa seli, unaoipa umbo. Kidoa cha kahawia ni kiini, chenye DNA, yaani maelekezo ya urithi yanayoongoza kazi za seli. Mara nyingi kimesukumwa pembeni na vakuoli, ghala la maji lililojaza chumba karibu chote. Ninapenda sana wanafunzi wanapokiona kiini mara ya kwanza!

Mitokondria zinazotoa nishati zimo, ila ni ndogo mno kwa hadubini ya shule. Kloroplasti, vijisehemu vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, usizitafute hapa. Tabaka hizi huhifadhi chakula, hazikitengenezi.