Jinsi ya kukagua na kunyoosha makala ya Wikipedia kuhusu Safari Rally

Makala ya mbio za magari huharibika sehemu tatu: lugha, majina na namba. Lugha na majina unaweza kuvimaliza jioni moja. Namba ndizo zinazokula siku, na ndiyo maana hatua ya 5 hapa chini imerefuka kuliko nyingine. Mfano unaotumika ni Safari Rally ya Kenya, hasa ya mwaka 2021. Utahitaji akaunti ya Wikipedia ya Kiswahili na programu ya lahajedwali; LibreOffice Calc inatosha na haina malipo.

Hatua ya 1: Jua makala inazungumzia kitu gani

Kuna mambo matatu yanayochanganywa. La kwanza ni mashindano yenyewe kwa jumla, tangu yalipoanza Mei 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. La pili ni toleo la mwaka mmoja, kama Safari Rally ya 2021. La tatu ni East African Safari Classic Rally, mashindano mengine kabisa ya magari ya zamani, yaliyoanza 2003.

Mkanganyiko huu una gharama. Björn Waldegård alishinda Safari Rally mara 4: 1977, 1984, 1986 na 1990. Akashinda pia ile ya Classic mwaka 2007 na 2011. Mhariri akijumlisha zote, Msweden huyo anakuwa na 6 na kumpita Shekhar Mehta, ambaye rekodi yake ni ushindi mara 5: 1973, kisha mfululizo 1979 hadi 1982. Ukiona makala inampa Waldegård 6, umeshajua chanzo cha kosa.

Kabla ya kuandika chochote, fungua orodha ya lugha nyingine pembeni. Kama makala ya Kiswahili ya toleo la 2021 imeunganishwa na makala ya Kiingereza ya mashindano kwa jumla, rekebisha kwanza kiungo hicho kule Wikidata, hifadhidata inayounganisha makala za lugha mbalimbali.

Hatua ya 2: Pitia historia na majadiliano

Dakika tano tu. Tazama kama kuna mtu anayeihariri makala wiki hiihii. Kama yupo, mwachie ujumbe kwenye ukurasa wa majadiliano. Msije mkafutiana kazi.

Hatua ya 3: Safisha lugha ya mashine

Makala zilizotafsiriwa na kompyuta zina dalili zake, na ukizijua unazinusa kutoka sentensi ya kwanza. "Neuville alistaafu Jumapili" ni dalili. Msomaji atadhani amekabidhiwa kiinua mgongo. Kilichotokea mwaka 2021 ni kwamba Thierry Neuville alikuwa anaongoza hadi Jumapili asubuhi, shokapu ikavunjika, akalazimika kujitoa. Andika "alijitoa" au "gari lilimharibikia", na utaje kilichovunjika.

Dalili nyingine: "jukwaa la 5" badala ya mkondo wa 5, "mguu wa pili" badala ya siku ya pili ya mbio, "bustani ya huduma" badala ya kituo cha huduma, pale Naivasha magari yanakotengenezwa kati ya mikondo, "timu ya kazi" badala ya timu ya kiwanda. Anayekaa kando ya dereva akimsomea njia mwite mwelekezi, kama wanavyofanya waandishi wengi wa michezo wa Kenya. "Dereva mwenza" humfanya msomaji adhani wanapokezana usukani. Na ukichagua mkondo kwa kipande cha barabara kinachopimwa muda, basi duru iwe ni ya msimu: Kenya ni duru moja ya Mbio za Magari Duniani (WRC), na ndani yake kuna mikondo. Mwaka 2021 ilikuwa mikondo 18, kilomita 320.19. Hizo ni kilomita za mikondo peke yake, wala si safari nzima. Barabara za kuunganisha mikondo hazihesabiwi humo, na makala inayosema "madereva waliendesha kilomita 320 tu" imekosea.

Aya ikiwa imeoza kabisa usiifanyie ukarabati. Ifute uiandike upya kutoka kwenye vyanzo. Kurekebisha tafsiri ya mashine neno kwa neno huchukua muda mrefu zaidi, na mifupa ya Kiingereza hubaki palepale.

Hatua ya 4: Majina, nchi na miaka

Mwaka 1953 magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Usiandike Tanzania, nchi hiyo ilizaliwa 1964. Vivyo hivyo, bendera ya Kenya mbele ya jina la mshindi wa 1959 ni kichekesho, kwa kuwa uhuru ulipatikana 12 Desemba 1963 na Safari ya mwaka huo ilikuwa imeshakimbiwa. Ushauri wangu ni kuondoa bendera zote kwenye jedwali la washindi. Hazimwambii msomaji lolote ambalo neno moja halimwambii, na huleta ubishi usioisha: Mehta alizaliwa Uganda lakini huhesabiwa dereva wa Kenya, sasa utambandika ipi?

Majina ya madereva yaache yalivyo na alama zake: Sébastien Ogier, Kalle Rovanperä, Ott Tänak. Nakili herufi hizo, usizikisie.

Kuna jozi moja ambayo wahariri wenye nia njema huifuta wakidhani ni mstari uliojirudia. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda 1963 kwa Peugeot 404, wakashinda tena 1968 kwa Peugeot 404, na miaka yote miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Ni kweli yote. Ukikuta mmoja wa miaka hiyo haupo, urudishe.

Kuhusu hadhi ya mashindano: Safari ilikuwa duru ya WRC kuanzia 1973 hadi 2002, ikarejea 2021 baada ya ile ya 2020 kufutwa kwa sababu ya UVIKO-19. Lakini mwaka 1995 haikuhesabiwa katika ubingwa wa madereva, ilihesabiwa katika kombe la magari ya injini za lita 2 pekee. Kwa hiyo ushindi wa Yoshio Fujimoto wa 1995 ni ushindi halali wa Safari, ila si ushindi wa duru ya WRC. Weka alama na tanbihi kwenye mstari wake.

Hatua ya 5: Jedwali la matokeo

Anza na karatasi sahihi. Baada ya mbio FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hutoa matokeo ya awali, kisha matokeo ya mwisho baada ya wasimamizi kumaliza ukaguzi na malalamiko. Magazeti mengi huchapisha ya awali, kwa sababu wanawahi kwenda mitamboni. Adhabu ya sekunde 10 inayotolewa jioni inaweza kubadili nafasi, na gazeti la Jumatatu lisijue. Tumia matokeo ya mwisho, na kwenye tanbihi andika hivyo hivyo: matokeo ya mwisho. Tovuti za takwimu kama eWRC-results ni nzuri kwa kulinganisha, lakini usizifanye chanzo pekee.

Ingiza muda wa kila dereva kwenye lahajedwali na uache programu ikutolee tofauti. Usitoe kwa kichwa. Hapa ndipo watu hupoteza mchana mzima. Ukiandika 8:15 programu huielewa kuwa saa nane na dakika kumi na tano, si dakika nane na sekunde kumi na tano. Andika 0:08:15.0 daima. Umbizo la seli liwe [h]:mm:ss.0 na mabano hayo ya mraba yasikosekane, maana bila hayo jumla inayopita saa 24 hurudi sifuri na kuanza upya bila kukuonya. Kama mashine yako imewekwa kutumia mkato badala ya nukta kwenye desimali, sekunde zitageuka maandishi tu: hazitajumlishwa, na programu haitasema lolote. Namna ya kugundua: namba halisi hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Ukimaliza, jaribu na kitu unachokijua. Mwaka 2021 Takamoto Katsuta alimaliza sekunde 21.8 nyuma ya Ogier. Hesabu yako isipotoa 21.8, usiendelee.

Sasa waliojitoa na kurudi. Kanuni huruhusu gari lililokwama Ijumaa kutengenezwa na kurudi Jumamosi likiwa na adhabu ya muda kwa mikondo lililoikosa. Rovanperä alikwama kwenye mchanga mwaka 2021, akarudi, akamaliza wa 6. Ukijumlisha muda wake wa mikondo aliyokimbia bila adhabu, utapata mtu aliyeenda mbio kuliko mshindi, halafu utaanza kuwashuku FIA. Adhabu lazima iingie kwenye hesabu. Mtu aina hii usimweke katika orodha ya waliojitoa. Yumo kwenye matokeo.

Pointi zina kipimo chake cha haraka. Mwaka 2021 kumi bora walipata 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1, jumla 101. Mkondo wa mwisho ulitoa pointi za ziada 5, 4, 3, 2 na 1, jumla 15. Kwa hiyo safu ya pointi za madereva ijumlishwe ifike 116. Ikitoka 115 au 117, kuna mtu umemdhulumu. Mara nyingi ni Wakenya, kwa kuwa wahariri huacha kujaza baada ya magari makubwa: Onkar Rai alikuwa wa 7, Karan Patel wa 8 na Carl Tundo wa 9, na pointi zao 6, 4 na 2 zinahesabika katika ubingwa wa dunia kama za mtu mwingine yeyote. Makala ya Kiswahili isiyowataja haina udhuru.

Kipimo cha 116 kinafaa 2022 na 2023 pia. Usikipeleke mbele ya hapo. Mwaka 2024 utaratibu uligeuzwa: kiongozi wa Jumamosi jioni aliwekewa pointi 18, ambazo angezipoteza asipomaliza Jumapili, na mwenye kasi zaidi Jumapili akapata 7. Mwaka 2025 mshindi alirudishiwa 25 lakini wa pili akapata 17, na Jumapili ikawa na 5, 4, 3, 2 na 1 zake. Anayenakili jedwali la 2021 na kubadili majina tu ataharibu miaka yote miwili.

Pointi za watengenezaji ni hesabu nyingine, usiziweke safu moja na za madereva. Timu huteua magari yake kabla ya mbio. Katsuta aliendesha Toyota akawa wa pili, lakini hakuwa ameteuliwa, hivyo 18 zake hazikuingia kwenye mfuko wa Toyota.

Matoleo ya zamani yana tatizo tofauti. Kwa miongo ya mwanzo Safari haikupimwa kwa sekunde za mikondo. Dereva alipewa adhabu kwa kuchelewa kufika vituo vya muda kwenye barabara za kawaida, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Namba inayoonekana kama saa na dakika katika matokeo ya 1973 ni adhabu hizo, si muda wa safari yenye maelfu ya kilomita. Kichwa cha safu kiwe "Adhabu". Tena mwaka huo Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walifungana, na mshindi akapatikana kwa kanuni ya kuvunja sare. Usisogeze namba ya mmoja wao ili jedwali lipendeze.

Jedwali lenyewe liandike kwa "Hariri chanzo". Kihariri cha kuona ni kizuri kwa aya. Kwenye majedwali marefu huvuruga mistari. Liwe jepesi:

{| class="wikitable"
! Nafasi !! Dereva !! Mwelekezi !! Gari !! Tofauti
|-
| 1 || Sébastien Ogier || Julien Ingrassia || Toyota Yaris WRC || –
|-
| 2 || Takamoto Katsuta || Daniel Barritt || Toyota Yaris WRC || +21.8
|}

Alama ya |- huanza mstari mpya na ikae peke yake. Ukisahau moja, wa 3 ataungana na wa 2 kwenye mstari mmoja. Rangi za seli achana nazo.

Hatua ya 6: Vyanzo

Tanbihi moja kwenye kichwa cha jedwali inatosha kwa jedwali zima. Kuiweka kwenye kila mstari ni uchafu. Wikipedia ya Kiingereza si chanzo. Fuata tanbihi yake, uisome, kisha uitaje hiyo. Viungo vya matokeo hufa haraka tovuti zinapobadilishwa, kwa hiyo kabla ya kuandika hifadhi ukurasa kwenye Wayback Machine, hazina ya nakala za kurasa za mtandao, na uweke anwani zote mbili. Kwa habari za Kiswahili, Taifa Leo huandika Safari kwa kina. Kwa miaka ya 1950, magazeti ya karatasi kwenye maktaba na Nyaraka za Taifa pale Nairobi ndiyo yenye majibu. Taja jina la gazeti, tarehe na ukurasa, haihitaji kiungo.

Hatua ya 7: Hifadhi vipande vipande

Lugha hariri moja, majina hariri moja, jedwali hariri moja, kila moja na muhtasari wake. Ukihifadhi yote kwa mkupuo na mtu akapinga safu moja, atarudisha nyuma kazi yote. Weka makala kwenye maangalizi yako, kisha tafuta ndani yake maneno "mwaka huu", "mwaka jana" na "bingwa wa sasa" na ubadilishe kila moja kwa mwaka wenyewe.