Somo: Kuunda kompyuta ya kwanza ya gemu, tukianzia kwenye umeme

Wakuu, habari za leo. Juzi nimemaliza kuunganisha kompyuta ya gemu ya mdogo wangu hapa Tabata, na kabla mambo hayajapoa kichwani naandika somo kwa yeyote anayejiandaa kuunda ya kwanza. Wengi hufundisha wakianzia kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Mimi naanzia kwenye gemu, natoka hapo kwenda kwenye umeme, ndipo vingine vifuate. Sababu yake mtaiona kwenye hatua ya pili, ilinigharimu.

Hatua ya 1: Andika gemu zako na skrini yako

Chukua karatasi uandike gemu tatu utakazocheza mwaka huu. Acha zile unazozitamani kwenye video, andika zile utakazokaa nazo. Counter-Strike 2 na Valorant zinaegemea zaidi prosesa, hazidai kadi kubwa ya grafiki (kifaa kinachochora picha za gemu). GTA V ilitoka kwa kompyuta mwaka 2015, kadi ya wastani inaibeba bila shida. Gemu mpya zenye ramani kubwa ndizo zinazomeza kumbukumbu ya kadi, na kwa hizo usishuke chini ya GB 8.

Kisha andika skrini. Monita ya 60Hz inaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikitoa picha 140, zinazozidi huzioni. Kama monita yako ni ya 1080p (ukali wa picha wa kawaida) na 60Hz na huna mpango wa kuibadilisha, tayari umeokoa fedha nyingi.

Hatua ya 2: Pawa saplai

Hiki ndicho kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vingine vyote. Hapa naomba msome polepole.

Kompyuta yangu ya kwanza nilinunua kasha lililokuja na pawa saplai yake ndani, kwenye duka moja mjini. Ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa za dhahabu. Nikaiwekea kadi ya RX 580, ikapiga kazi miezi mitatu. Jioni moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili nikasikia mlio kama njiti ya kiberiti inavyowashwa, ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua. Pawa saplai ilikufa, na mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, ikaenda nayo.

Siku hiyo ndipo nilipoigeuza nikasoma lile jedwali dogo la ubavuni. Kwenye safu ya +12V pameandikwa 16A. Zidisha 12 kwa 16, unapata wati 192. Kadi ya grafiki na prosesa zote zinavuta kwenye njia hiyo ya volti 12, na RX 580 peke yake imepangiwa wati 185. Nilikuwa naibebesha mzigo wa kukatia roho kila siku, na zile 500 za dhahabu hazikuwahi kuwepo.

Kwa hiyo ukiwa dukani, igeuze. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huwa na ampea zipatazo 45 kwenye +12V, sawa na wati 540. Ukikuta namba kubwa kwenye boksi na ampea kiduchu kwenye jedwali, mrudishie muuzaji. Alama ya 80 Plus inaonyesha ni kiasi gani cha umeme unaovutwa ukutani kinafika kwenye vifaa badala ya kupotea kama joto. Ni alama nzuri, ila stika mtu yeyote anaweza kuchapa, kwa hiyo isome pamoja na jedwali, na uipime mkononi pia. Iliyojazwa vizuri ndani ina uzito wake.

Jambo jingine: zile za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, yenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ukinunua ya mtumba, angalia swichi hiyo kabla hujachomeka. Ikiwa imekaa 115, itapasuka papo hapo.

Wala usikimbilie 850W kwa sababu ya woga. Kadi ya RX 6600 inakula wati 132, prosesa ya Ryzen 5 5600 imepangiwa 65, feni na diski na vikorokoro vingine havifiki 60. Jumla haifiki 300. Ya kweli ya 500 au 550 inatosha, tena inabaki na nafasi ya kupumua.

Hatua ya 3: UPS

Kwa umeme wa kukatika na kurudi ghafla, mimi naihesabu UPS (boksi la betri ya akiba) kuwa sehemu ya kompyuta. Angalia wati, usiangalie VA: UPS ya 650VA kwa kawaida inabeba wati zisizofika 400. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima salama. Ukiendelea kucheza kwenye betri utaiua mapema.

Na kwa wanaohofia LUKU: kompyuta inayokula wati 300 kwa saa 4 inatumia uniti 1.2. Kwa siku 30 ni uniti 36. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu ya mgao wote. Zungumza na mwenye nyumba mapema kama mnashea mita.

Hatua ya 4: Kadi ya grafiki

Hapa ndipo fedha kubwa ikae. Kwa bajeti ya kawaida natenga kama elfu 40 katika kila laki moja kwa ajili ya kadi. Kwa 1080p, RX 6600 yenye GB 8 ndiyo niliyomwekea mdogo wangu na sijutii. RTX 3060 ya GB 12 ina kumbukumbu zaidi, ila inavuta wati 170.

Kwenye kadi za mtumba kuwa macho. RX 580 nyingi zilifanya kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Hilo peke yake si kifo, kinachochoka zaidi ni feni na pesti ya joto. Kuna pia toleo linaloitwa 2048SP, lina viini 2048 badala ya 2304 vya RX 580 yenyewe, na wauzaji wengi hawakwambii tofauti. Tena kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina kubwa. Nenda na flashi yenye programu ya bure ya GPU-Z, omba kadi ichomekwe, uiwashe usome mwenyewe. Muuzaji akikataa, aga kwa heshima uondoke.

Hatua ya 5: Prosesa na mazabodi

Hivi viwili ni mke na mume, vinachaguliwa pamoja kwa soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye mazabodi. Ryzen 5 5600, viini sita, inakaa soketi ya AM4 na inatumia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya aina ya DDR4. Soketi ya AM5 ilikuja mwaka 2022, nayo ni DDR5 tu. Upande wa Intel, i3-12100F na i5-12400F zinakaa LGA1700, ambako kuna mazabodi za DDR4 na za DDR5, soma boksi kabla hujanunua RAM. Herufi F maana yake prosesa haina grafiki yake yenyewe. Ryzen 5 5600 nayo haina, ila 5600G inayo. Kama kadi utainunua baadaye, hiyo G itakuokoa.

Mfuko ukiwa mwembamba, AM4 bado ni chaguo zuri na vifaa vyake vya mtumba vipo. Mfuko ukiruhusu, nenda AM5. Ukichukua mazabodi ya zamani kama B450, muulize muuzaji kama BIOS yake (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) imeshasasishwa kuitambua 5600, la sivyo utawasha usione kitu.

Hatua ya 6: RAM na diski

RAM nunua vipande viwili vya GB 8, siyo kimoja cha 16. Vikiwa viwili vinapitisha data kwa njia mbili, na gemu zinaonyesha tofauti. Bei zake zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo usishangae. Diski chukua SSD ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa kwenye mazabodi. Diski ya zamani ya kuzunguka (HDD) iache iwe ya kuhifadhia muvi.

Hatua ya 7: Kasha

Chagua lenye wavu mbele, siyo kioo. Joto la Januari na Februari hapa Dar tunalijua, na kasha lenye kioo mbele linazuia hewa isiingie. Feni mbili mbele ziingize hewa, moja nyuma iitoe. Liweke juu ya meza, vumbi la sakafuni ni jingi mno. Walio karibu na bahari, Kigamboni, Msasani au Kunduchi, msiliweke dirishani penye upepo, chumvi inakula shaba taratibu. Kila baada ya miezi miwili safisha kwa brashi laini, ukishikilia mapanga ya feni yasizunguke.

Hatua ya 8: Kununua

Tuna tabia ya kudunduliza vifaa: mwezi huu kasha, mwezi ujao RAM, kadi ifike baada ya nusu mwaka. Naomba mdundulize fedha badala ya vifaa. Mazabodi iliyokaa miezi saba chini ya kitanda, siku unayoiwasha na kukuta ni mbovu, waranti ya duka imeshapita na huna wa kumwambia. Zikitimia, pita Kariakoo na Posta ndani ya wiki moja, linganisha bei maduka matatu, dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, na uandikishe namba ya utambulisho (serial number) ya kadi ya grafiki nyuma ya risiti. Ukifika nyumbani, unganisha vyote na uwashe siku ile ile.

MASWALI

Swali kutoka Mbagala: Mkuu, nimepata kompyuta ya ofisini, Dell OptiPlex yenye i5 ya kizazi cha nne. Nikiongeza kadi si nimemaliza?

Jibu: Mkuu, kwa kuanzia inafaa. Chukua GTX 1650 ile isiyo na tundu la waya wa ziada, inajitosheleza na wati 75 za kwenye mazabodi. Kama kasha ni lile jembamba, omba kadi yenye kimo kifupi (low profile). Pawa saplai yake ina umbo lake, usitegemee kubandika ya kawaida. Kikwazo kikubwa ni Windows 11, inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 iliishiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukipata yenye i5 ya kizazi cha nane, ongeza hela uichukue hiyo.

Swali kutoka Ukonga: Mwanangu, mimi ni mama wa kijana wa kidato cha nne. Nimeonyeshwa kompyuta ina taa za rangi, muuzaji kasema ina grafiki ya GB 16. Nichukue?

Jibu: Shikamoo mama. Usilipe kwanza. Mara nyingi hiyo 16 ni RAM ya kompyuta, si ya kadi. Mwombe muuzaji akuandikie kwenye karatasi jina kamili la kadi, herufi na namba zake. Akiandika Intel HD au UHD, ujue hakuna kadi kabisa, inakopa kwenye RAM. Taa hazina kazi yoyote kwenye gemu wala kwenye masomo. Niandikie jina hilo hapa nikusaidie kulisoma kabla hujatoa hela.

Swali kutoka Sinza: Nina mashine kali lakini kwenye Counter-Strike 2 bado nakwama kwama.

Jibu: Kaka, tazama ping (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi), na picha kwa sekunde uziangalie peke yake. Picha zikiwa juu na ping ikiwa juu, tatizo ni mtandao. Seva za karibu nasi ziko Dubai na Johannesburg, jaribu zote mbili uone ipi inakupa namba ndogo. Na chomeka waya kwenye ruta badala ya kutumia Wi-Fi.

Swali kutoka Kigamboni: Nimeunganisha kila kitu, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nimekaa nayo tangu asubuhi mkuu, nisaidie.

Jibu: Pole sana. Zima, chomoa ukutani, tuanze. Kwanza, waya wa monita uko kwenye kadi au kwenye mazabodi? Lazima uwe kwenye kadi. Pili, kuna waya wa pini nane unaokwenda juu kushoto kwa mazabodi kwa ajili ya prosesa, wengi huusahau. Tatu, chomoa RAM zote mbili, ziweke tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na ukandamize mpaka usikie ncha zote mbili zikilia.

Kigamboni tena: Mkuu, ni RAM! Upande mmoja ulikuwa haujaingia hata kidogo, kwa macho niliona umeingia. Picha imetoka.

Jibu: Safi sana. Kabla hujashusha gemu yoyote, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa), maana RAM yako ya 3200 sasa hivi huenda inakimbia 2133 au 2400. Halafu niambie joto la prosesa linasoma ngapi.