Jinsi ya Kutafuta kwa Sauti Uvujaji wa Bomba Lililo Chini ya Maji

Fundi bomba wa Dodoma amezoea kuusoma udongo, kwani mahali bomba linapovuja ardhi hulowa na majani huchipua hata katikati ya kiangazi. Bomba likipita chini ya bwawa, au chini ya korongo lililofurika wakati wa mvua, alama hizo hazipo, na kinachobaki ni sauti: maji yanayosukumwa kwa presha kupitia tundu dogo huutikisa ukuta wa bomba pamoja na maji yaliyomo, na mtikisiko huo husafiri pande zote mbili.

Kwanza hakikisha kwamba bomba linavuja kweli. Funga valvu za ng'ambo zote mbili, kisha itazame geji. Mshale ukizidi kushuka ilhali valvu hazipitishi, maji yanapotea katikati. Rudisha presha na utoe hewa yote, kwa sababu mapovu hunyonya sauti kabla haijakufikia.

Usikilizaji wenyewe ufanyike kati ya saa nane na saa kumi usiku, watumiaji wakiwa wachache na mashine za kumwagilia mizabibu zikiwa zimezimwa. Kwa bomba la chuma, bandika kihisi, yaani kifaa kinachonasa mtikisiko, kwenye valvu ya kila ng'ambo baada ya kusugua kutu na rangi. Bomba la plastiki hufifisha sauti upesi na kubakiza mvumo mzito tu, hivyo ni afadhali kutumia haidrofoni, yaani kinasa sauti cha majini, inayogusa maji ya bombani kupitia koki.

Vihisi viwili vikiunganishwa na koreleta, yaani kifaa cha kulinganisha sauti zake, koreleta hupima sauti imechelewa kwa muda gani kukifikia kihisi cha pili. Zidisha muda huo kwa kasi ya sauti bombani, toa jibu kwenye umbali kati ya vihisi, kisha gawanya kwa mbili. Utapata umbali wa tundu kutoka kwenye kihisi kilichotangulia kusikia. Tuseme vihisi vimeachana mita 120, ucheleweshaji ni sekunde 0.02 na kasi ni mita 1,200 kwa sekunde: tundu liko mita 48. Lakini kama bomba ni la plastiki na kasi halisi ni mita 400, tundu liko mita 56. Mita nane nchi kavu ni kuchimba zaidi kidogo. Ndani ya maji yenye tope ni mzamiaji kupapasa gizani siku nzima. Kwa hiyo usiikadirie kasi: gonga bomba mahali unapopajua, nje ya vihisi hivyo viwili, uipime.

Mwishowe panda mtumbwi usio na injini, ukiwa umevaa jaketi la kuokolea, ushushe haidrofoni karibu na bomba kila baada ya mita mbili, na ufunge boya mahali sauti inapokuwa kali zaidi. Kabla mzamiaji hajashuka, mwombe mwenzako ng'ambo apunguze presha kidogo. Sauti isipobadilika, hiyo si ya uvujaji. Huenda ni pampu au transfoma iliyo jirani.