Unauza nyumba? Kasoro zake ziandike ndani ya mkataba
Juzi nimesimamia mauzo ya nyumba ya shangazi hapa Moshi, wakili akanipa hili: kabla hujapokea hata shilingi ya advansi, orodhesha kasoro za nyumba ndani ya mkataba wa mauziano, mnunuzi asaini pembeni ya kila moja. Sisi tuliandika ufa wa ukuta wa jikoni, choo kinachojaa masika, na mfongo (mfereji wa maji ya kumwagilia) unaokatiza nyuma ya banda la ng'ombe, ambao majirani wana zamu zao za maji. Kwa Sheria ya Mikataba (Sura 345), kukaa kimya peke yake mara nyingi si ulaghai, ila kuficha kwa makusudi ni ulaghai, na mnunuzi anaweza kuutengua mkataba. Ufa uliopigwa rangi wiki ya kuonyesha nyumba ndio kuficha kwenyewe. (Dalali atasema unafukuza wateja. Akishachukua chake, mahakamani utakwenda peke yako.) Orodha haikusaidii kama ni nyumba ya ndoa na mwenzi wako hajaridhia, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamlinda. Wala haifuti rehani ya benki iliyosajiliwa kwenye hati.