Ubingwa wa masikio, pua na koo: njia ya Uingereza kwa daktari wa Afrika Mashariki

Daktari mwenzangu uliyesomea Muhimbili, Nairobi au Makerere na sasa unatafuta ubingwa Uingereza, hatua ya kwanza unaijua: usajili wa GMC, baraza linalosajili madaktari wa Uingereza. IELTS, mtihani wa Kiingereza, ni 7.5 kwa jumla na isishuke 7.0 katika sehemu yoyote, kisha mitihani miwili ya PLAB, inayopima madaktari waliosomea nje, wa pili ukifanyikia Manchester.

Ukishasajiliwa, usikimbilie kuomba nafasi ya mafunzo ya upasuaji. Omba kwanza kazi ndani ya idara ya masikio, pua na koo (ENT) yenyewe, zile za udaktari nje ya mafunzo rasmi ya ubingwa, zinazotangazwa kwa jina la clinical fellow. Huko ndiko utakakojua kama fani hii ni yako. Zamu ya usiku ataletwa mzee anayetoka muhina huku akitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Utamkalisha ameinama mbele, umbane pua, utafute mshipa unaovuja kwenye ukuta wa kati na kuuchoma kwa kijiti cha silva naitreti. Ikishindikana, unaziba pua kwa ndani. Mtoto aliyemeza betri ya saa ikakwama kwenye umio hangojwi hadi asubuhi, kwa sababu ndani ya saa 2 tu inaweza kuanza kuunguza nyama.

Kazi hiyo pia inakupa konsalta (daktari bingwa) wa kukusainia fomu ya CREST, inayothibitisha kuwa uko tayari kuanza mafunzo ya ubingwa, na inayodaiwa kwa waliofanya utarajali nje ya Uingereza. Ukiwa hapo, fanya MRCS, mtihani wa uanachama wa vyuo vya upasuaji. Sehemu ya pili chagua ile ya ENT.

Sasa hesabu miaka: 2 ya msingi wa upasuaji, 6 ya ubingwa kuanzia ngazi ya ST3 hadi ST8, na FRCS, mtihani wa mwisho wa ubingwa, kabla ya kumaliza. Ushindani ni mkali, na mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa wahitimu wa vyuo vyake watapewa kipaumbele.

Ndiyo maana nasema wazi: kama nia yako ni kurudi kutibu nyumbani, somea ubingwa nyumbani. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao Arusha, kina programu ya miaka 5 ya fani hii, na unajifunza ukiwa kazini hospitalini. Ukimaliza, njoo Uingereza kwa MTI, mpango wa mafunzo ya muda kwa madaktari wa nje, usiozidi miezi 24, ujifunze kile unachokikosa, kwa mfano upasuaji wa ndani ya sikio au wa sainasi kwa kamera. Aliyekwisha kuwa bingwa na anataka kubaki anaweza kuomba kutambuliwa kwa ushahidi wa kazi zake. Njia hiyo iliitwa CESR na sasa inaitwa Portfolio Pathway.

Njia yoyote utakayochagua, andika kila upasuaji kwenye daftari la kumbukumbu tangu siku ya kwanza, hata wa tonsesi ambao ulisaidia tu. Na usiondoke kituo chochote kabla konsalta hajasaini, maana akishahama, kumpata ni kazi.